Bukavu: Vitafunio vya "nguvu" vinavyomponza anayetaka kupungua

Katika maduka ya Nyawera na kwenye meza za wachuuzi kando ya barabara zinazopanda kuelekea Kadutu, vitafunio vya pakiti havikosekani. Kuna biskuti za glukosi, keki ndogo za kwenye mifuko, bisi zenye sukari na, katika maduka machache ya Ibanda, vile vipande vya nafaka na karanga vilivyoshikanishwa kwa asali ambavyo wakazi huviita kwa Kifaransa barre. Karibu vyote huuzwa kwa ahadi moja: nguvu. Kwa mtu aliyetoka kwa daktari na agizo la kupunguza kilo, ahadi hiyo ndiyo tatizo lenyewe.

Neno énergie kwenye karatasi ya biskuti halina maana ya afya. Maana yake ni kalori, na kalori nyingi ndizo mgonjwa huyo anajaribu kuzikwepa. Lakini katika mji ambao kwa miaka mingi umeishi na vita, wakimbizi na misaada ya chakula, chakula "chenye nguvu" kimezoeleka kuwa chakula kizuri, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Kwa miongo kadhaa, Kivu Kusini ilipotajwa katika habari za lishe, jina lililosikika ni Lwiro, kituo cha utafiti kilichopo wilayani Kabare, kaskazini mwa Bukavu, ambako watoto wenye kwashakoo walitibiwa na kuchunguzwa. Hadi leo njaa ndiyo habari kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, tathmini ya kimataifa ya usalama wa chakula, IPC, ilihesabu Wakongomani wapatao milioni 28 waliokuwa katika njaa kali. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, madaktari wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na wenzao wa Hospitali Kuu ya Rufaa ya mkoa wamekuwa wakichapisha tafiti kuhusu presha na kisukari kwa watu wazima wa mkoa huo huo. Mambo hayo mawili yanaishi katika mtaa mmoja, na mara nyingine katika nyumba moja: mtoto anapimwa mkono kwa utapiamlo, bibi yake anapimwa sukari.

Mfano wa wazi ni Plumpy'Nut, ile pakiti ya siagi ya karanga iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1990. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto aliyedhoofika sana, ili aongezeke uzito haraka, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Biskuti za kuongeza nguvu zinazogawiwa na mashirika ya misaada nazo zina kalori zipatazo 450 kwa kila gramu 100. Pale zinapovuja kutoka kwenye maghala na kufika sokoni, mtu mzima mwenye kitambi anayezinunua kwa sababu "ni chakula cha madaktari" anakula dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, mbali na kwamba pakiti hiyo ilikuwa haki ya mtoto mgonjwa.

Je, vipande vya nafaka vya dukani ni bora kuliko biskuti? Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko picha ya shamba iliyochorwa kwenye karatasi. Chukua kipande cha gramu 40, chenye kalori 450 na sukari gramu 30 kwa kila gramu 100, viwango vya kawaida kabisa kwa bidhaa za aina hiyo. Anayekila anapata kalori 180 na gramu 12 za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na linasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 5 ni gramu 25. Vipande viwili tu vinakaribia kuimaliza, kabla ya chai ya asubuhi.

Asali isimdanganye mnunuzi. Mwilini inahesabiwa kama sukari, na ndivyo ilivyo kwa sirop de glucose na sharubati ya tende. Maltodextrine haina utamu mwingi, lakini nayo hugeuka kuwa glukosi haraka. Watengenezaji wanajua kwamba viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikigawanywa katika majina matatu, kila jina linashuka chini na nafaka inabaki juu. Kwa hiyo kuangalia neno la kwanza peke yake hakutoshi.

Kwenye jedwali la nyuma ya pakiti, mstari wenye faida kubwa ni ule ulioandikwa dont sucres, usomwe kwa gramu 100 ili bidhaa mbili zilinganishwe kwa kipimo kimoja. Baada yake zifuatwe nyuzinyuzi na protini, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyochelewesha njaa. Kwa kanuni za Codex, bidhaa haistahili kujiita chanzo cha nyuzinyuzi ikiwa na chini ya gramu 3 kwa gramu 100, na ikifika 6 inaitwa yenye nyuzinyuzi nyingi. Tahadhari nyingine ni namba kubwa yenye alama ya kJ: hizo ni kilojuli, na kalori moja ni sawa na kilojuli 4.2 hivi. Kuna wanaozichanganya, wakaogopa bidhaa ambayo haikuwa na kosa.

Bidhaa zinazotoka Ufaransa na Ubelgiji wakati mwingine huwa na Nutri-Score, herufi tano za rangi kuanzia A ya kijani hadi E nyekundu, iliyoanza Ufaransa mwaka 2017. Inasaidia kulinganisha biskuti na biskuti. Chile ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016, ikalazimisha alama nyeusi mbele ya pakiti kwa bidhaa zenye sukari, chumvi, mafuta au kalori kupita kiasi. Mnunuzi wa Bukavu anakutana na lebo za Kifaransa, Kiingereza, Kituruki na Kihindi kwenye rafu moja, kwa kuwa karibu vyote vinatoka nje. Kivu Kusini ilikuwa na kiwanda chake cha sukari, Kiliba, karibu na Uvira, lakini kilisimama mwaka 1996 kwa sababu ya vita. Tangu M23 walipouteka Bukavu mwezi Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu na benki za mji zikafungwa. Kupata pesa taslimu kukawa kazi, na mnunuzi akawa anaangalia kwanza bei, kisha ukubwa wa pakiti.

Kuhusu bidhaa zisizo na sukari, WHO ilitoa msimamo mwezi Mei 2023: vitamu mbadala visitegemewe kupunguza uzito, kwa sababu faida yake ya muda mrefu haikuonekana. Mapendekezo hayo hayakuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao wafuate daktari wao.

Kinachoshangaza ni kwamba mshindani mkubwa wa barre ya bei ghali yuko kwenye beseni la mama muuzaji. Yai la kuchemsha lina kalori zipatazo 75 na gramu 6 za protini. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kalori kama 105, pamoja na nyuzinyuzi. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wamejaa protini, ingawa wakizamishwa katika mafuta ya mawese hesabu inabadilika. Karanga ni nzuri kwa kiasi: gramu 100 zina kalori zinazokaribia 600, kwa hiyo kiganja kimoja ni kitafunio, kopo zima ni mlo. Hata maharagwe yaliyobaki jana ni kitafunio, ingawa hakuna anayependa kuonekana akiyala ofisini.

Hapo kuna jambo ambalo lebo haiwezi kulitatua. Bukavu, anayepungua huulizwa kama anaumwa au kama mambo ya nyumbani yameharibika, na mwili mnene bado unasomwa na wengi kama dalili ya amani ya moyo. Kufungua pakiti yenye maandishi ya kigeni kunampa mtu heshima ambayo yai la kuchemsha halimpi.

Tena walio wengi hawanunui pakiti nzima. Mchuuzi hulifungua boksi na kuuza biskuti mbili mbili, au kipande kimoja kimoja, na maelezo ya viungo mara nyingi yamechapwa kwenye boksi tu. Mnunuzi anayetaka kujua anachokula itabidi amwombe mchuuzi amwonyeshe boksi, kama halijawashwa jikoni tayari.