Neva za Fuvu na Deni la Wanafonetiki wa Kiswahili

Fonetiki ni miongoni mwa taaluma za mwanzo anazokumbana nazo mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu. Humo hufunzwa kwa makini kuhusu alasauti: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, ulimi na nyuzi za sauti. Huambiwa kwamba /p/ ni kipasuo cha midomo na kwamba /l/ ni kitambaza cha ufizi. Hata hivyo, swali moja la msingi aghalabu huachwa bila jibu: ni nini kinachoiamuru midomo ifumbe na ulimi uinuke? Ala haijipigi yenyewe. Mpigaji wake ni ubongo, na vidole vya mpigaji huyo ni neva za fuvu.

Neva hizi ni jozi 12. Huitwa za fuvu kwa kuwa hupita katika matundu ya fuvu la kichwa, tofauti na zile zinazochipuka kutoka uti wa mgongo na kupenya baina ya pingili zake. Huhesabiwa kuanzia mbele kwenda nyuma. Neva ya 1 ni ya kunusa na ya 2 ni ya kuona. Neva ya 3, ya 4 na ya 6 huzungusha jicho. Neva ya 5 hupeleka hisi za uso ubongoni na kuendesha misuli ya kutafuna. Ya 7 hutawala misuli ya uso na kubeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Ya 8 ni ya kusikia na ya kuulinda mwili usipepesuke. Ya 9 huhusika na kumeza na ladha ya nyuma ya ulimi. Ya 10 huhudumia koo na nyuzi za sauti, kisha hushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Ya 11 huinua mabega na kugeuza kichwa, nayo ya 12 huendesha ulimi.

Je, orodha hii inamhusu nini mwanaisimu? Na yatazamwe maneno mawili ambayo mtoto huyatamka mapema: mama na baba. Katika yote mawili midomo hufumbwa kwa amri ya neva ya 7, taya hushushwa kwa msaada wa ya 5, na nyuzi za sauti hutikisika chini ya usimamizi wa ya 10. Kinachoyatenga hasa ni kaakaa laini. Kwa /m/ kaakaa hilo hushuka, hewa ikapita puani. Kwa /b/ huinuka na kuifunga njia hiyo, na neva inayotegemewa zaidi katika kuliinua ni ya 10. Neva hiyo ikiharibika, hewa huvujia puani na baba huelekea kusikika kama mama. Tofauti ya fonimu, ambayo darasani ni alama mbili ubaoni, mwilini ni kazi ya uzi mwembamba wa neva.

Hapana budi basi kusema wazi kwamba fonetiki inayokomea kwenye alasauti ni nusu ya fonetiki. Mwalimu wa shule ya msingi atakutana na mtoto asiyeweza kutamka /t/ wala /l/. Akiwa hajui kwamba ulimi una neva yake, na kwamba sikio lina neva yake pia, atamwita mtoto huyo mzembe pale ambapo angemwelekeza kwa daktari.

Suala la pili ni la istilahi, na hapa lawama haiwezi kutupiwa madaktari. Neno mshipa katika Kiswahili hubeba mzigo mzito kupita kiasi. Ni njia ya damu. Ni neva, hasa likisemwa mshipa wa fahamu. Na kwa wengi ni ugonjwa wa ngiri pia. Mgonjwa anapomwambia mhudumu kwamba mshipa unamsumbua, ametaja mambo matatu kwa pamoja. Neno neva limekwisha kuingia katika lugha na kukubali sarufi yake bila taabu. Ipo haja ya kulipa uraia kamili, na kumwachia mshipa kazi yake ya kubeba damu.

Madhara ya utata huu huonekana pale uso wa mtu unapopinda ghafla upande mmoja. Wapo wanaosema amepigwa na upepo mbaya, wapo wanaomtaja jini, na wapo wanaosema tu kwamba mshipa umekatika. Kumbe huenda ni neva ya 7 iliyovimba, au huenda ni kiharusi, yaani ubongo wenyewe umekosa damu. Mara nyingi neva ikiwa ndiyo iliyopooza, upande mzima hulegea, hata paji la uso halikunjiki na jicho halifumbiki. Katika kiharusi, paji la uso aghalabu husalimika, kwa kuwa hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kupambanua ni kazi ya daktari, na mgonjwa hufaa kukimbizwa hospitalini bila kungoja. Lakini jamaa zake watawezaje kuharakisha ikiwa lugha yao imewapa jina la jini tu na haikuwapa jina la neva?

Wako watakaopinga kwamba majina ya neva hizi ni ya Kilatini na Kigiriki, hivyo hayatafsiriki. Hoja hii haina mashiko. Mjerumani Samuel Thomas Sömmerring alipozipanga neva hizi katika jozi 12 mwaka wa 1778, majina mengi yaliyokuja kushikamana nazo yalikuwa maneno ya kawaida tu. Neva ya 10 huitwa vagus, maana yake mzururaji, kwa kuwa hutangatanga mbali na kichwa. Jina la neva ya 4 limetokana na neno lenye maana ya kapi, kwa sababu msuli inaouendesha una kano inayopita katika kitanzi mfano wa kapi. Nahodha wa jahazi anayepandisha tanga anakijua chombo hicho barabara. Neva ya kapi, neva zururaji, neva ya uso, neva ya ulimi: ni lipi kati ya majina haya linaloishinda lugha ya Kiswahili?

Wengine watasema kwamba mitihani ya udaktari hufanywa kwa Kiingereza. Ni kweli; lakini wagonjwa wengi hawaugui kwa Kiingereza. Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Kenya, na urasmi usiofika kwenye kitanda cha mgonjwa ni urasmi wa karatasi. Zaidi ya hayo, njia ya kuepuka mivutano ya istilahi ipo. Kila neva itajwe kwa nambari yake, ambayo ni moja Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko, kisha ifuatiwe na jina la kazi au umbo lake.

Vyama vya Kiswahili vya wanafunzi vimezoea kuwalaumu wakuza istilahi kwa uzembe. Huu ni uwanja ambamo wanafunzi wenyewe wanaweza kutangulia. Watu wa isimu na watu wa tiba husoma katika chuo kimoja, wakala katika bwalo moja, na wasijuane. Wakiketi pamoja, majina 12 hayatawachukua muhula mzima. Mwenye kujua jina la alasauti akashindwa kulitaja jina la neva inayoiendesha, amehesabu makasia ya mashua na kuwasahau wapiga makasia.