UBIA TWAUTAKA, MKATABA WA GIZANI HATUUTAKI



Neno ubia si geni kwetu. Wavuvi wawili wakishirikiana dau, mmoja akatoa chombo na mwengine akatoa nyavu na mikono yake, samaki hugawanywa ufukoni mbele ya macho ya watu. Hapana aliyepata kusikia kwamba masharti ya dau ni siri. Basi leo Serikali inapowaita wananchi watoe maoni juu ya ubia baina yake na watu binafsi katika barabara, bandari, masoko na maji, neno letu ni hili: ubia ni jambo jema, nasi twauunga mkono, ila ufanywe ufukoni.

Chukueni mfano wa Kisesa, katika Wilaya ya Magu. Mji huo upo juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Kenya, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Usagara, kilomita zipatazo 17, inayoyaepusha magari na katikati ya jiji. Mji wa namna hiyo wahitaji stendi, soko, maghala na maegesho ya malori. Nani atavijenga?

Wako wasemao Serikali ijenge yenyewe, kama ilivyojenga daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Daraja lile ni fakhari, wala hatulibezi. Lakini mfuko wa Hazina ni mmoja. Shilingi iliyokwenda kujenga soko haiwezi kwenda tena kujenga zahanati. Soko hukusanya ushuru kila siku. Zahanati ya kijijini haikusanyi kitu illa wagonjwa. Kwa hiyo twasema: kinachoweza kujilipa kijengwe kwa ubia, na fedha ya kodi iachiwe kile kisichoweza kujilipa.

Twajua pia kwa nini watu huogopa. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water, na mwaka 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Mwaka 2007 reli ya kati ilitiwa mikononi mwa kampuni ya RITES ya India, na baada ya miaka michache ikarudi Serikalini. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 umekuwa donda la miaka mingi. Nasi wa Visiwani tusidhani hayo ni ya Bara peke yake, kwani tangu 1980 umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mkataba wa umeme ukitiwa sahihi ng'ambo ya pili, taa ya Unguja nayo imo.

Tena sisi tulikwisha onja. Gari la moshi la Bububu, njia ya maili 7, lilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, na mwaka 1911 Serikali ya wakati ule ikalinunua. Mwananchi hakuulizwa lilipojengwa, wala hakuulizwa liliponunuliwa. Hata Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa bado halijaundwa.

Funzo lililo karibu zaidi na Kisesa liko kando ya ziwa lile lile, Uganda. Kampuni ya Umeme ilipewa usambazaji wa umeme kwa miaka 20 tangu Machi 2005. Haki isemwe: upotevu wa umeme ulipungua sana mikononi mwake. Lakini muda ulipokwisha Machi 2025, Serikali ililipa dola zipatazo milioni 118, na kampuni ikadai zaidi ya mara mbili ya hizo. Ndoa ilikuwa na mahari yaliyoandikwa, lakini hesabu ya talaka ikawa ugomvi.

Sheria ya ubia ya Tanzania Bara ni ya mwaka 2010, na imerekebishwa 2014, 2018 na 2023. Sheria haikosekani. Kinachokosekana ni jicho la mwananchi juu ya karatasi. Mwaka 2023, jambo la bandari ya Dar es Salaam na DP World lilizusha ghadhabu nchi nzima, na sehemu kubwa ya ghadhabu hiyo ilitokana na watu kuona wameulizwa wakati shauri limekwisha pikwa.

Basi katika kila kikao cha maoni tudai mambo manne. Kwanza, mkataba uchapwe kwa Kiswahili na kusomwa katika baraza la madiwani kabla ya sahihi, si baada yake. Pili, hesabu ya kuachana iandikwe siku ya kuoana. Tatu, hasara igawanywe kama faida. Mbia asiyekubali kupata hasara si mbia, ni mpangaji. Nne, vyama vya ushirika vya wenyeji vipewe nafasi ya kuwa wabia kabla ya mgeni.

Hili la nne si ndoto. Wakulima wa pamba wa nchi hiyo hiyo ya Usukuma waliunda mwaka 1955 shirikisho la vyama vyao, Victoria Federation, Paul Bomani akiwa kiongozi, na wakamiliki viwanda vya kuchambua pamba yao wenyewe. Waliokuwa wakiitwa wasiojua kitu walijua kuendesha mashine na kuweka hesabu. Wajukuu wao watashindwaje kuwa na hisa katika soko la Kisesa?

Ndugu, ukiitwa kutoa maoni, nenda. Usiende kupinga kila kitu, wala usiende kupiga makofi. Uliza swali moja tu: mkataba uko wapi tuusome?