Ngojangoja inawapotezea watoto wetu mkono

HUKU kwetu mtoto akizaliwa na mkono uliolegea, neno la kwanza analoambiwa mama ni "ngoja". Ngoja akomae. Ngoja bibi amkande. Ngoja utanyooka wenyewe. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na mtoto huyu humwumiza bega. Hoja yangu leo ni fupi: kungoja huku kuna tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo inapaswa kujulikana na kila mzazi na kuangaliwa na kila muuguzi.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani. Mkono umelala ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Mtoto huyu hakurogwa, wala mama yake hakuvunja mwiko. Aliumia wakati wa kutoka. Kichwa kilishatoka, bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama, na shingo ikavutwa. Mishipa mitano ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikavutika kupita kiasi, na wakati mwingine ikakatika au ikang'oka kwenye uti wa mgongo. Daktari Mfaransa Duchenne aliueleza ulemavu huu mwaka 1872, na Mjerumani Erb mwaka 1874. Hutokea pia kwenye hospitali kubwa za Ulaya. Mtoto mkubwa wa kilo nne na zaidi, mama mwenye kisukari, na uchungu wa muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari.

Sasa, wanaosema "ngoja" hawasemi uongo mtupu. Watoto wengi hupona wenyewe, hasa wale ambao mishipa yao ilivutika tu bila kukatika. Mkono huanza kuamka katika wiki chache, na mama husahau kabisa. Shida ni kwamba siku ya kwanza watoto wote hao wanafanana. Huwezi kumtazama mtoto wa siku tatu ukajua huyu atapona na yule hatapona. Kinachowatofautisha ni miezi.

Mshipa wa fahamu ulioumia huota upya kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi kwenye msuli unaokunja kiwiko ni safari ya miezi. Huku nyuma msuli usiopata amri hunywea mwaka mzima, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi hata mshipa ukifika haukuti tena cha kuamsha. Ndiyo maana ngojangoja hapa ni hatari.

Daktari Alain Gilbert wa Paris, aliyewapasua watoto wengi wa namna hii, aliweka kipimo ambacho hata mkulima anaweza kukishika: mtoto akifikisha miezi mitatu, je, anakunja kiwiko mwenyewe? Kama anakunja, mategemeo ni mazuri. Kama hakunji, apelekwe kwa mpasuaji. Na kama mkono mzima pamoja na vidole umelala, na kope ya jicho la upande huohuo imeshuka, basi hata hiyo miezi mitatu isingojewe. Mishipa huenda imeng'oka.

Ndugu msomaji, chukua kadi ya chanjo ya mwanao uitazame. Burundi na Tanzania chanjo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 14 ni miezi mitatu na siku chache! Mama amekuja mwenyewe, amepanga foleni, mtoto yuko mbele ya muuguzi. Muuguzi anachoma sindano pajani, anaandika tarehe, anaita mwingine. Kukiangalia kiwiko kungemchukua nusu dakika.

Haiishii hapo. Hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, ina kipimo cha miezi tisa. Mtoto hupewa biskuti, mkono ukiwa umezuiwa ubavuni, wanaona kama ataifikisha mdomoni bila kuinamisha mwili. Miezi tisa ni wakati wa chanjo ya surua. Kwa hiyo kliniki zetu tayari zina siku mbili za kumkagua mtoto huyu. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye kadi.

Je, mpasuaji hufanya nini? Hufungua shingoni, hukata kovu linalozuia mshipa kuota, na kuunga pengo kwa kipande cha mshipa kilichotolewa nyuma ya mguu wa mtoto mwenyewe. Mguu haupoozi, ila sehemu ndogo ya ngozi karibu na kifundo hupoteza hisia. Pale mshipa ulipong'oka kabisa, huazimwa tawi la mshipa jirani likaelekezwa kwenye msuli uliolala. Kazi hii mara nyingi hufanywa kati ya miezi mitatu na tisa. Matunda yake huonekana polepole, na mkono hauwi sawa kabisa na mwenzake. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mkono unaofika mdomoni na mkono unaoning'inia maisha yote.

Na aliyechelewa? Asikate tamaa. Mtoto wa miaka mitatu au sita bado ana msaada wa aina nyingine: kulegeza msuli uliokaza mbele ya bega, kuhamisha msuli wa mgongoni ili ugeuze mkono uelekee nje, au kukata mfupa wa juu wa mkono na kuuzungusha. Hapo mishipa haiungwi tena. Kinachotafutwa ni kukitumia vizuri kilichobaki.

Nazungumza kama mwalimu. Sisi tuliosoma Ulyankulu ukimbizini tunakumbuka tulivyoandikishwa darasa la kwanza bila cheti cha kuzaliwa: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Ukifika, umri umetimia. Mkono wenye jeraha hili haufiki. Madaktari nao hupima kwa namna inayofanana na hiyo: je, unainuka? Unageuka nje? Unafika kisogoni, mgongoni, mdomoni? Katika darasa langu yupo mvulana ambaye akipeleka kipande cha muhogo mdomoni kiwiko hupaa juu kama mpiga tarumbeta. Wenzake wanacheka. Kesho atatakiwa kushika jembe, kuvuta nyavu za ndagala, kubeba dumu la mawese. Atapanga bei gani na tajiri anayetazama mkono wake kwanza?

Jambo hili linatuhusu sana sisi tuliorejea, na ninyi mnaovuka Mugina na Manyovu kila wiki. Mtoto anazaliwa Kasulu, anapata chanjo ya kwanza Nyarugusu, ya pili Makamba, na ya tatu inasahaulika kwa sababu mama yuko sokoni Kigoma. Muuguzi wa huku anadhani mwenzake wa kule aliuona mkono. Wa kule anadhani vivyo hivyo. Miezi mitatu inakwisha njiani. Mama, kadi ya mtoto itunze kama unavyotunza kibali chako cha kuvukia. Kama ulijifungua kwa taabu na mkono ukalegea, omba waandike siku hiyohiyo.

Najua nitaambiwa nchi zetu ni maskini na wapasuaji wa mishipa ya fahamu ya watoto ni wachache. Ni kweli. Lakini kukagua kiwiko hakuhitaji mashine. Mazoezi ya nyumbani hayahitaji umeme: ukishaonyeshwa na mtaalamu, kila unapombadilisha mtoto nguo unamlaza chali, unashika kiwiko ubavuni na kuuzungusha mkono polepole uelekee nje, kisha unauinua. Bega lisipofanyiwa hivyo hukaza, na baadaye hata kiungo chenyewe hupinda. Msimvute kwa mkono huo, wala msimkande kwa nguvu. Huenda hata mtulinga umevunjika. Mkunga naye hahitaji chombo bega linapokwama. Mapaja ya mama yakunjwe hadi tumboni, msaidizi asukume juu ya kinena, na kichwa kisivutwe kwa nguvu.

Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Sasa wizara za afya za pande zote mbili za mpaka ziongeze mambo matatu: swali la kiwiko kwenye kadi, wiki ya 14 na mwezi wa tisa, barua ya rufaa inayotambuliwa ng'ambo zote mbili, na orodha ya mahali pa kwenda ibandikwe kila kituo. Gitega kuna kituo cha taifa cha viungo bandia na mazoezi. Rilima nchini Rwanda, CCBRT Dar es Salaam na CoRSU nchini Uganda hutibu viungo vya watoto. Mzazi aulize kabla ya kufunga safari kama daktari wa kazi hii yupo, asije akamaliza nauli bure.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu una wiki 14. Leo ukimwona mama amembeba mtoto mwenye mkono uliolala, usimwambie angoje. Muulize: ana miezi mingapi?

Mwandishi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Rumonge.