Mwongozo ni Sehemu ya Programu

Programu ya kompyuta inapofanyiwa mabadiliko, jambo la kwanza kushughulikiwa ni msimbo. Jambo la mwisho, na pengine lisiloshughulikiwa kabisa, ni mwongozo wa kuitumia. Desturi hiyo haina budi kuachwa.

Mfano mmoja ni GIMP, programu huria ya kuhariri picha, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zamani amri ya kuhifadhi iliweza kuandika picha katika muundo wa JPEG. Toleo la 2.8, la mwaka 2012, lilibadili utaratibu huo. Amri ya kuhifadhi ilibakizwa kwa muundo wa XCF pekee, unaotunza matabaka yote ya picha. JPEG ikapewa amri yake, ya kusafirisha. Sababu ilikuwa ya maana, kwani JPEG huyaunganisha matabaka yote kuwa moja na kupoteza baadhi ya taarifa za picha. Hata hivyo, mwanafunzi afuataye mwongozo wa zamani huitafuta JPEG mahali isipokuwapo, kisha hudhani kwamba ujinga ni wake.

Wako wasemao kwamba waundaji wengi wa programu huria hujitolea, na kwamba kuungoja mwongozo ni kulichelewesha toleo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Toleo la 3.0 la GIMP lilitoka Machi 2025, baada ya toleo la majaribio la Novemba 2024. Kipindi cha namna hiyo huwekwa ili kasoro za msimbo zisakwe. Kasoro za mwongozo nazo zisakwe papo hapo. Tena, badiliko lolote linalogusa kile akionacho mtumiaji lisipokewe pasipo maelezo yake.

Kazi hii haihitaji ubingwa wa msimbo. Mwanafunzi anayefuata maelekezo hatua kwa hatua, akaandika namba ya toleo na kila mahali ambapo maneno na skrini havikubaliani, amefanya uchunguzi wa kisayansi, na taarifa yake huwafaa waundaji. Walimu wa sekondari wanaweza kulifanya zoezi hilo darasani.

Msimbo ulio wazi kwa wote haumfai mtu aliyepotezwa njia na mwongozo. Toleo lisihesabiwe kuwa limekamilika mpaka maelezo yake yawe ya kweli.