Kadi ya Benki Mfukoni mwa Mdai
Hapa Likasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkopeshaji wa Banki Lambert, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, hana haja ya kukusaka. Kabla hajakuhesabia franka, ameshachukua kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kuuona. Asiye na kadi hupigiwa simu alfajiri, kisha hutafutwa kwa shemeji, kwa jirani, hata kanisani. Huko mtaa wa Kikula mama mjane alibebewa cherehani uani, watoto wakitazama. Kinachoniuma zaidi ni polisi kuitwa. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu eti kashindwa kulipa deni. Mdai ana haki yake. Aende mahakamani akaidai.