Uchambuzi: Baada ya uzamivu, muda hauwasubiri watafiti wa Afrika Mashariki

Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu, kwa lengo kwamba shahada iliyotolewa Kampala itambuliwe pia Nairobi na Arusha. Hata hivyo, shahada kutambuliwa ni jambo moja, na mwenye shahada kupata nafasi ya kutafiti ni jambo jingine.

Mhitimu wa uzamivu katika sayansi au uhandisi huhitaji miaka miwili au mitatu ya utafiti chini ya mwanasayansi mzoefu kabla ya kuongoza kazi yake mwenyewe. Vyuo vikuu vya ukanda huu aghalabu humwajiri ili afundishe. Nafasi hizo za mpito ni chache, na nyingi zimo katika taasisi za kimataifa. Nchini Kenya ipo icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na ipo ILRI inayoshughulikia mifugo. Huko nako ajira hufuata fedha za miradi: mradi ukiisha, nafasi nayo hukoma.

Njia nyingine ni ya ng'ambo, nayo ina ukomo. Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani huwapokea watafiti chipukizi ndani ya miaka 4 tangu kupata uzamivu; JSPS ya Japani huweka miaka 6, na mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya miaka 8. Yote mitatu humtaka mwombaji awe na mtafiti mwenyeji aliyekubali kumpokea.

Kwa hiyo, anayesubiri tangazo gazetini huku akifundisha madarasa yaliyofurika, hula muda wake mwenyewe. Anayefaulu huanza mwaka wa mwisho wa masomo: husoma machapisho mapya ya mtafiti anayemlenga, humwandikia barua fupi yenye swali mahususi la utafiti, huambatanisha wasifu na makala zake, na huwaarifu mapema watakaomwandikia barua za mapendekezo.

Lakini bidii ya mtu mmoja haiwezi kuziba pengo la sera. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na majirani wa ukanda huu bado hawajaifikia ahadi hiyo. Maadamu hali ni hiyo, maswali ya mbung'o, mihogo na maji ya Ziwa Viktoria yataendelea kupangiwa bajeti mbali na kwetu, na mhitimu aliyeondoka atakosa maabara ya kurejea. Mlango wa kutokea tayari upo. Wa kurudia ndio unaosubiri kujengwa.