Kibanja nacho ni darasa, waheshimiwa!

Vigogo ni vigeugeu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto shule ya msingi, akikaidi, kortini. Sawa. Lakini corona ilipoingia, serikali hiyo hiyo ilifunga shule Machi 17, 2020 hadi Juni 29, ikawatupia mzigo akina bibi wa Muleba na Bukoba Vijijini. Eti masomo redioni! Asiye na betri je?

Alisomea kibanjani. Bibi alimwonyesha mjukuu kuvunja ua dume la mgomba kwa mti wenye panda, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, maana mnyauko, uliovamia Kagera mwaka 2006, huhama na panga. Hiyo ni baiolojia tupu, tena inayoshibisha.

Sisemi shule zifungwe. Bibi hana maabara, na wapo wajanja wanaosingizia "namfundisha nyumbani" kumbe wamemgeuza mtoto kibarua wa kuchuma kahawa. Hao washtakiwe. Ila watoto waliporudi madarasani, wizara iliwauliza walichojifunza kibanjani? Na nyie vijana wenzangu wa Bukoba mjini mnaocheka jembe, mgomba mnaujua sahanini tu!